Tableti za Wi-Fi tupu zinatuweka Gisenyi: nani amefaulu kuingiza mahali kwenye programu yake?

#1 MtotoWaNdosho (Goma)

Jambo wakubwa. Natengeneza programu ya Android ya kuandikisha vituo vya maji hapa Goma. Wakala anafika kituoni, anahesabu bidoni zilizo kwenye foleni, anapiga picha, programu inachukua koordone za mahali pale, amemaliza. Kwenye simu yangu ilikubali tangu siku ya kwanza. Wiki iliyopita mwenye kazi akatuletea tableti 12, zote za Wi-Fi tupu, hata tundu la laini hazina. Nikadhani kazi iliyobaki ni kupanua skrini tu.

Jumatatu mawakala wanne walifanya kazi kutoka Ndosho hadi Mugunga. Jioni nafungua ramani: nukta 41. 9 ziko Gisenyi, Rwanda, ng'ambo ya mpaka. 3 ziko ndani ya Ziwa Kivu. 14 zimerundikana juu ya ofisi yetu ya Himbi, na siku ile hakuna wakala aliyefanya kazi Himbi. 15 zilizobaki hazina kitu.

Ruhusa naomba vizuri, kisha nasoma getLastKnownLocation, amri ya Android ya kuuliza mahali. Ikirudi tupu nasubiri sekunde 10, halafu fomu inaendelea bila mahali. Je, tableti ya Wi-Fi tupu inaweza kujua iko wapi? Kama haiwezi, heri nimwambie mwenye kazi sasa, kabla watu hawajatembea mwezi mzima bure.

#2 Rafiki_Birere (Goma)

Haiwezi. GPS inakuja pamoja na laini. Hakuna laini, hakuna GPS. Rudisheni hizo tableti.

#3 FundiWaLushi (Lubumbashi)

Rafiki_Birere, hapo umekosea, na kosa hilo limewatupisha watu wengi tableti nzuri. GPS haihitaji laini wala mega za intaneti. Kipokezi hakitumi kitu angani, kinasikiliza tu setilaiti zilizo juu kilomita 20,200. Kikisikia nne, kinapata mahali pamoja na kimo.

Kinachochanganya watu ni iPad. Apple anaweka chipu ya GPS kwenye zile iPad zinazoingia laini. iPad ya Wi-Fi tupu hana chipu hiyo. Watu wakachukua kanuni ya iPad wakaivisha kila tableti. Kwa Android kila kiwanda kinaamua chake. Tableti ya Nexus 7 ya mwaka 2012, ile ya Wi-Fi, ilikuwa na GPS. Samsung Galaxy Tab nyingi za Wi-Fi zinayo. Amazon Fire nyingi hazina.

MtotoWaNdosho, weka GPSTest, programu ya kupima GPS, kwenye kila tableti, toka nje, tazama. Ukiona orodha ya setilaiti na vijiti vinapanda, chipu ipo. Na ndani ya programu usikisie: uliza mfumo kama una android.hardware.location.gps, ndipo uamue uonyeshe skrini gani.

Jambo lingine. Sekunde 10 ni chache mno. Setilaiti moja inachukua sekunde 30 kurudia maelezo ya njia yake, na kalenda nzima ya setilaiti zote inachukua dakika 12 na nusu. Simu yenye rezo (mtandao) inayachota hayo yote kwenye intaneti, ndiyo maana inapata mahali upesi. Tableti iliyo Mugunga bila rezo lazima isikilize yenyewe mpaka mwisho. Wewe unaikata hata setilaiti moja haijamaliza kusema.

#4 Kilima_Kadutu (Bukavu)

Aksanti kwa maelezo ya chipu, lakini chipu haielezi Gisenyi. Tableti isiyo na GPS ingekaa kimya tu, isingekuambia uko Rwanda. Gisenyi inatoka kwenye Wi-Fi yenyewe.

Tableti inatazama ruta zinazosikika karibu, hata zile isizoingia. Inachukua namba ya kila ruta na nguvu ya mawimbi yake, inavituma kwa Google au Apple, na huko kuna daftari kubwa la ruta za dunia nzima, limeandikwa kutokana na simu za watu wanaopita. Daftari linasema ruta hii ilionekana pale, basi nawe uko pale.

Sasa ruta zetu zinatoka wapi? Nyingi zinanunuliwa mtumba. Hapa Kadutu jirani alileta ruta kutoka Kigali, akaiwasha dukani. Kwa muda mrefu kila tableti ya mtaa wetu ilikuwa inaonyesha Kigali tukiwa tumekaa hapa tunauangalia mto Ruzizi. Ruta ilivuka mpaka, daftari halikuvuka.

#5 pasta_wa_rezo (Goma)

Mimi naona ni anwani ya IP, ile namba unayopewa na mtoa intaneti. Ukifungua tovuti za kuonyesha mahali ulipo, siku nyingine unaonekana Kinshasa, siku nyingine Kigali, siku nyingine Ulaya kabisa kama unapita kwenye antena ya setilaiti. Mtoa intaneti wake ndiye anayemweka Gisenyi.

#6 FundiWaLushi (Lubumbashi)

Pasta, IP inaweza kukuweka Kigali mjini, lakini haiwezi kukupa nukta 9 zilizotawanyika kwenye barabara za Gisenyi. IP inajua mji, na mara nyingi inakosea hata mji. Nukta zilizotawanyika mtaani ni Wi-Fi.

#7 pasta_wa_rezo (Goma)

Na je, kama zimetawanyika kwa sababu kila wakala alitumia hotspoti tofauti? Hujaziona hizo nukta. Hata mimi sijaziona.

#8 Rafiki_Birere (Goma)

Nakubali nilikosea #2. Lakini niongeze jambo la kwetu Birere, maana huko nyote hamkai. Mpaka wetu si mto wala mlima. Kuna nyumba ambazo ukifungua dirisha la nyuma unaona Rwanda. Ruta ya jirani wa upande wa pili inasikika kwetu vizuri kuliko ya kwangu. Tableti ikikosea mita 50 tayari imevuka bila pasi. Kwa hiyo nukta za Gisenyi si lazima ziwe za ajabu.

#9 MtotoWaNdosho (Goma)

Yaya Rafiki, kwa Birere ningekubali. Lakini mawakala walikuwa Ndosho na Mugunga, upande wa magharibi kabisa, mbali na mpaka. Hakuna ruta ya Gisenyi inayosikika Mugunga.

#10 DadaFuraha (Goma)

Jambo. Mimi si mtengeneza programu, nimefanya anketi kwa KoboCollect, programu ya kujaza fomu, miaka mingi, Masisi, Rutshuru na Kalehe. Nisemeni mkiona nimepotea.

Sisi tulifundishwa kusoma namba moja tu: usahihi, kwa mita. KoboCollect na mwenzake ODK Collect zinangoja mpaka zifike mita 5 ndipo zinakubali zenyewe, au wewe unabonyeza kuhifadhi mapema kama umechoka kusubiri. Tableti yetu ya kwanza ilikuwa ya Wi-Fi. Asubuhi moja karibu na Sake niliiweka juu ya jiwe jeusi la lava, skrini ikitazama mbingu, nikarudi nyuma hatua mbili ili kivuli changu kisiifunike. Namba ikaanza 96. Ikakaa hapo hata nikaanza kukata tamaa. Kisha 48, 31, 12, halafu ikashuka pole pole hadi 6. Mama mwenye nyumba akaniuliza kama ile mashine inaomba. Nilimwambia inasikiliza.

Ninachotaka kusema: wenzangu waliokuwa wanaishika kifuani chini ya bati, wakitembea, hawakushuka hata kufika 40. Tableti ni zile zile. Je, mawakala wako uliwaambia wasimame?

#11 MtotoWaNdosho (Goma)

Dada Furaha, sikuwaambia. Na programu yangu haionyeshi namba ya usahihi, wala haihifadhi. Leo usiku naiongeza.

#12 koodi_na_kahawa (Bukavu)

Nimefika nimechelewa. Zile nukta 14 za ofisini nazielewa bila hata kuziona. getLastKnownLocation haitafuti mahali. Inakupa mahali pa mwisho ambapo programu yoyote ilipata, hata kama ni jana. Tableti zililala ofisini Himbi zikiwa na Wi-Fi, zikapata mahali pale. Mchana kule Mugunga programu inauliza, mfumo unajibu kwa kumbukumbu: Himbi. Nukta ni ya kweli, saa yake ndiyo si ya kweli. Kila mahali panakuja na muda wake ndani. Usome, ukizidi dakika mbili ukatae, uombe papya.

Tazama pia ruhusa. Tangu Android 12 ya mwaka 2021 mtumiaji anaweza kuchagua mahali pa kukadiria tu badala ya pa hakika. Wakala akibonyeza hilo bila kusoma, unapata nukta iliyosogezwa mbali na mahali pake. Labda hizo ndizo zilizoanguka ziwani.

#13 Kilima_Kadutu (Bukavu)

Za ziwani mimi nina wazo jingine. Meli za Goma na Bukavu zinabeba abiria ambao wamewasha hotspoti za simu. Simu ya jirani inaziona katikati ya ziwa, daftari linaandika. Kesho abiria yule yuko Mugunga na hotspoti yake.

#14 FundiWaLushi (Lubumbashi)

Hapo sikubali, ndugu yangu. Daftari linajitahidi kuachana na namba zinazohamahama, na hotspoti ndizo za kwanza kutupwa. Ziwani ni kitovu cha duara tu: mfumo ukisema uko hapa kwa usahihi wa mita 2,000, nukta inachorwa katikati ya duara, na mji wenyewe umekaa ukingoni mwa ziwa. Nusu ya duara ni maji.

#15 Kilima_Kadutu (Bukavu)

Basi eleza ruta ya jirani yangu, ilihamahama na haikutupwa.

#16 MamaDesimali (Goma)

Nawasalimu. Mnatafuta mbali, wakati shida nyingine iko kwenye nukta ya desimali. Tableti za huku zimewekwa Kifaransa. Ukiandika namba kwa String.format, amri ya Java ya kupanga maandishi, bila kutaja lugha, Java inafuata lugha ya kifaa, na Kifaransa kinaweka mkato. Badala ya -1.68 unapata -1,68. Ukituma hiyo kwenye faili ambalo safu zake zinatenganishwa kwa mkato, latitudo inakatika vipande viwili, longitudo inasukumwa mbele, na safu nyingine zote zinaharibika. Sava inakataa au inaandika tupu. Nilikula siku tatu kwa kosa hili, na simu yangu mwenyewe haikulionyesha hata mara moja kwa sababu niliiweka Kiingereza. MtotoWaNdosho, simu yako ni lugha gani?

Na alama ya kutoa nayo isipotee. Goma iko karibu -1.68, 29.22. Ukidondosha ile alama unavuka ikweta, unajikuta msituni Ituri upande wa Mambasa, zaidi ya kilomita 370 kutoka hapa. Ukigeuza namba mbili ukaanza na 29.22, uko jangwani Algeria. Mimi nukta zangu za kwanza zote zilikuwa Algeria, nikajua mara moja nimegeuza.

#17 MtotoWaNdosho (Goma)

Simu yangu ni Kiingereza. Tableti zote ni Kifaransa. Mama, nimekaa chini.

#18 Mwana_Katuba (Lubumbashi)

Kwa kuwa mama amefungua mlango wa Algeria, wacha nami niseme ya Lubumbashi. Tulitengeneza programu ya kupeleka vyakula nyumbani, tableti za Wi-Fi kwenye kaunta, anwani inaandikwa kwa mkono halafu ramani inatafuta yenyewe. Sasa sisi tuna komini inaitwa Kenya. Mteja anaandika avenyu yake, komini Kenya. Ramani inaruka hadi Nairobi. Bei ya pikipiki ikahesabiwa mpaka Nairobi! Mteja mmoja alitupigia simu akiwa na hasira ya kweli, na alikuwa na haki, kwa sababu anakaa dakika kumi kutoka jikoni kwetu.

Tuliamua kuacha kutafuta majina. Ramani inafunguka Lubumbashi, mteja anasogeza kijiti kwa kidole mpaka juu ya lango lake. Kwa watu wasio na GPS hiyo ndiyo njia iliyotusaidia. Hata ODK inayo: placement-map.

#19 mvuvi_kgm (Kigoma)

Habari kutoka ng'ambo ya Tanganyika. Hizo "koordone" zenu sisi huku tunaziita majiranukta. Nimesoma uzi mzima nikidhani koordone ni kifaa cha kununua.

#20 Mwana_Katuba (Lubumbashi)

Karibu kaka. Majiranukta ni zuri, nalichukua. Nyie nanyi chukueni chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo.

#21 koodi_na_kahawa (Bukavu)

Kuhusu kijiti cha kidole (#18): Lubumbashi ni tambarare, barabara zimenyooka. Kwa Bukavu picha ya juu inaonyesha bati juu ya bati, na nyumba iliyo jirani kwenye picha iko ngazi 80 chini yako. Na kwa Goma picha ya zamani inadanganya. Lava ya Nyiragongo ya tarehe 22 Mei 2021 ilifunika Buhene na barabara ya Rutshuru. Ukimpa wakala picha ya kabla, atabonyeza barabara isiyokuwepo.

#22 DadaFuraha (Goma)

Hilo la Buhene ni kweli kabisa. Nilirudi kule kuandikisha jamaa, ramani ikanionyesha avenyu, na mbele yangu jiwe tupu bado la moto. Watu walikuwa wanataja nyumba zao kwa kunyoosha kidole: hapa kwa fulani, pale kisima.

#23 Askari_wa_data (Goma)

Naomba mnisikilize kidogo. Mnazungumza jinsi ya kupata mahali kwa uhakika, hakuna aliyeuliza nani ataona. Kituo cha maji ni mahali pa wote, sawa. Lakini kesho mwenye kazi ataomba nyumba za wanaoteka, kisha majina. Mkoa wetu mnaujua. Orodha ya familia pamoja na desimali tano, yaani karibu mita moja kutoka mlangoni, tableti ikinyang'anywa njiani, sitaki hata kufikiria. Desimali tatu zinakupa kama mita 110, zinatosha kupanga maji ya mtaa. Nyumba msichukue zaidi ya hapo. Na ruhusa ya kufuatilia mahali programu ikiwa imefungwa, ile ya tangu Android 10, msiiombe kabisa kama hamuihitaji.

#24 MtotoWaNdosho (Goma)

Mzee, nimekusikia. Nyumba hazimo kwenye fomu na sitaziingiza bila kurudi hapa kuuliza.

#25 pasta_wa_rezo (Goma)

Kwa zile zisizo na chipu, mbona hakuna aliyetaja hotspoti? iPad yangu ya Wi-Fi ikiunganishwa na iPhone ya mke wangu, nukta inatembea nasi barabarani mpaka Sake. Bila iPhone inabaki nyumbani.

#26 FundiWaLushi (Lubumbashi)

Kwa simu za Android hotspoti inapeleka intaneti tu, haipeleki mahali. Habari hiyo ya iPhone na iPad nimeisikia kwa wengi, na wengine wanaapa kwamba haifanyi. Njia ninayoiamini ni kipokezi cha nje cha Bluetooth, kama Garmin GLO au Bad Elf, kinazungumza na iPad moja kwa moja. Kwa Android unapitisha kwenye programu ya kuigiza mahali, unayoichagua kwenye mipangilio ya watengenezaji. Hapo kuna mtego: kama programu yako inakataa mahali pa kuigiza ili kuzuia wadanganyifu, itakataa na kipokezi chako cha kweli.

Na usisahau kwenye faili la maelezo ya programu (manifest) kuandika kwamba GPS si lazima. Ukiiweka lazima, duka la Google linaficha programu yako kwa tableti zisizo na chipu. Kwa iPad ni vile vile: ukidai "gps" kwenye orodha ya mahitaji, iPad ya Wi-Fi haitaisakinisha. Dai "location-services" peke yake.

#27 Mwana_Katuba (Lubumbashi)

Vipokezi 12 ni pesa. Vituo vya maji havihami. Bandikeni namba au kodi ya QR kwenye kila kituo, chukueni mahali pake mara moja kwa simu nzuri, baadaye tableti inasoma kodi tu. Huhitaji setilaiti hata moja.

#28 Rafiki_Birere (Goma)

Karatasi kwenye kituo cha maji Goma? Watoto wataitoa siku hiyo hiyo, na mvua itamaliza iliyobaki. Chora kwa rangi ukutani.

#29 MtotoWaNdosho (Goma)

Nimerudi na matokeo, siku tatu baadaye. Aksanti kwa wote.

GPSTest: tableti 8 zina chipu, 4 hazina. Kwa nje zinafanana kabisa, tofauti ni herufi moja ya mwisho kwenye namba ya modeli, nyuma, kwa maandishi ambayo nilisoma kwa tochi ya simu. Muuzaji alizileta kama aina moja.

Mama Desimali, zile 15 tupu: 11 zilikuwa mkato. Nimezipata nzima kwenye kumbukumbu ya sava, zimekatika vile vile ulivyosema. 4 nyingine ni zile sekunde zangu 10.

Sasa programu inangoja hadi dakika 3, inaonyesha mita zikishuka, na inahifadhi usahihi, muda na chanzo. Mawakala wanaweka tableti chini wanarudi nyuma kama Dada Furaha. Jana Mugunga tulipata nukta 22, mbaya kuliko zote ilikuwa mita 14. Kituo kimoja wakala alifunga na kuanza tena mpaka zikafika dakika 9, sijajua kwa nini, kulikuwa na wingu tu. Kwa zile 4 zisizo na chipu tumeandika namba ukutani kwa rangi ya buluu.

Lakini Gisenyi bado. Nukta zote 9 zilitoka kwa tableti mbili, na moja kati yake ina chipu. Kule Ndosho, jirani na kituo, kuna kibanda cha kuchaji simu chenye ruta. Nilimuuliza mwenye kibanda ruta ilitoka wapi, akasema aliinunua hapa mjini, Virunga, mpya, kwenye boksi.

#30 Kilima_Kadutu (Bukavu)

Boksi haisemi kitu, ndugu. Muulize aliyemuuzia.

#31 pasta_wa_rezo (Goma)

Na uniambie hiyo tableti yenye chipu ilikuwa inapata mega kutoka wapi siku ile. Maana kule Ndosho najua watu wanaotumia laini ya Rwanda.

#32 koodi_na_kahawa (Bukavu)

Kabla ya kumsumbua mwenye kibanda: ile tableti yenye chipu, umetazama imelala wapi Jumapili usiku? Isije kuwa wakala anakaa Gisenyi.

#33 MtotoWaNdosho (Goma)

Anakaa Majengo, hapa Goma. Lakini dada yake anakaa Gisenyi. Nampigia simu sasa hivi.